Nukta nyekundu kwenye shamba la jirani

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, na safari hii sababu si stima kupotea (ingawa imepotea pia). Nilikuwa kijijini, huku Kakamega, nikijaribu kuzima kesi niliyoiwasha mwenyewe kwa tarakilishi.

Ilianza kama mchezo. NASA hutoa bure, kupitia mfumo uitwao FIRMS, orodha ya mioto inayoonekana kutoka angani duniani kote, saa chache tu baada ya setilaiti kupita. Chombo cha zamani ni MODIS, kilichobebwa na Terra mwaka 1999 na Aqua mwaka 2002. Mimi natumia data ya VIIRS, kilichopaa mwaka 2011 na setilaiti ya Suomi NPP na baadaye na nyingine. Chombo hiki hakitafuti moshi. Hupima joto kwa mawimbi ya infraredi, na mahali pakiwa na joto kuliko majirani zake, mstari mmoja unaongezwa kwenye faili: latitudo, longitudo, tarehe, saa, nguvu ya moto kwa megawati.

Niliandika programu fupi kwa Python, nikashusha data ya miaka 10, nikaichora mwezi kwa mwezi. Jamani, inapendeza! Zaidi ya nusu ya eneo linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika, na ukiziendesha ramani kama sinema unaona mshipi mwekundu ukihama. Desemba na Januari uko Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati; Julai na Agosti umeshuka Angola, Zambia na kusini mwa Kongo. Unafuata kiangazi na nyasi kavu. Msitu wa mvua wa Kongo uko katikati, na mshipi unauruka. Hapa kwetu ni hivyo hivyo kwa udogo: nukta ni chache Msitu wa Kakamega, lakini ukielekea Mumias kwenye miwa, zinajitokeza.

Basi Januari moja miwa ya mjomba, ekari mbili, ikaungua. Mnaolima miwa mnajua: ikishaungua, isipofika kiwandani kwa siku chache sukari inapotea. Trekta hakupata. Alimshuku jirani aliyekuwa akichoma majani makavu asubuhi hiyo. Akaniita.

"Wewe si ndiwe wa setilaiti? Hebu niangalizie."

Nikaangalia. Nukta moja, katikati ya shamba la jirani, saa 10:52. Yaani saa tano kasorobo hivi asubuhi, wakati ule ule jirani alipoonekana na kiberiti. Nikaichapisha kwa rangi, nikaongeza mshale (mshale huo mpaka leo unaniudhi). Mjomba akaipeleka kwa liguru, na baraza likapangwa Jumamosi.

Alhamisi usiku nikiwa natengeneza hitilafu nyingine kwenye programu ndipo nikashtuka. Saa zote kwenye faili ni za UTC. Sisi tuko mbele kwa saa 3. 10:52 ni 13:52, karibu saa nane mchana. Na ningejua bila hata kuangalia faili, kwa sababu setilaiti hizi hupita kwetu mchana kwenye saa saba na saa nane, kisha tena usiku. Saa tano asubuhi hazipo! Saa nane jirani alikuwa matangani, kijiji kizima kilimwona akibeba viti.

Hilo halimwondolei lawama moja kwa moja. Majani yaliyoachwa yakifuka yanaweza kuwaka tena upepo ukija. Lakini kulikuwa na kosa la pili, kubwa zaidi. Pikseli ya VIIRS ni mita 375 kwa 375. Piga hesabu: hekta 14, karibu ekari 35. Ile nukta ni katikati ya mraba huo tu, haisemi moto uliwaka hapo. Nilipouchora mraba mzima juu ya picha ya kijiji, nikahesabu maboma 19 ndani yake, likiwemo la mjomba mwenyewe.

Jumamosi nikasimama mbele ya wazee nikaeleza yote hayo. Kueleza UTC chini ya mwembe si kazi ndogo.

"Kwa hivyo setilaiti ilidanganya?" mjomba akauliza.

"La, mjomba. Mimi ndiye niliyeisoma vibaya."

Mzee mmoja akauliza swali ambalo nilipokuwa chuoni hakuna aliyeniuliza: siku ambayo hakuna nukta, je, hakukuwa na moto? Nikamjibu kwamba moto mdogo, au uliozimwa kabla setilaiti haijapita, au uliofunikwa na wingu, hauonekani. Akacheka, akasema basi hata mke wake anaona zaidi, na yeye hakai angani.

Kesi ikafutwa. Jirani akaiomba ile karatasi yenye mshale, nikampa. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, hakusema neno.

Programu nimeirekebisha. Sasa inaongeza saa 3 yenyewe, na ukisogeza ramani karibu, badala ya nukta inachora mraba mzima wa mita 375. Ramani imekuwa mbaya, inafanana na shuka la viraka. Mjomba bado hanipigii simu.