Mafuta ya Taa ya Shilingi Kumi

Mwaka 2009 nilikuwa nasomea uchumi Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Jumamosi ya tarehe 31 Januari, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikimbia na mitungi kuteka mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu mia moja wakaangamia. Baada ya mazishi nilisikia marehemu wakiitwa wajinga na walafi. Maneno hayo yaliniuma. Mtungi wa lita 20 ulikuwa na thamani kubwa kuliko ujira wa kibarua cha wiki nzima katika mashamba ya viazi.

Ndipo nilipoingia katika utafiti wa sera ya nishati. Siku zile semina zetu zilijaa megawati: mvuke wa ardhini wa Olkaria, uliokuwa ukitoa umeme tangu 1981, kisha Menengai, kulikoanza kuchimbwa visima mwaka 2011. Ilikuwa kazi kubwa ya kujivunia. Lakini vijijini tulikokwenda na madodoso, taa ilikuwa koroboi. Mama mmoja alinionyesha kichupa cha dawa ya kikohozi alichotumwa nacho mtoto dukani. Mafuta ya shilingi kumi, ya usiku mmoja.

Nikamuuliza kwa nini hanunui lita nzima, apate nafuu ya bei.

“Mwanangu, nikishika pesa ya lita nzima, si nitanunua unga kwanza?”

Jibu lile limeongoza kazi yangu yote. Kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza taa za sola mwaka 2012, wengi walisifu paneli. Mimi niliona ubunifu mkubwa zaidi katika malipo: kidogo kidogo kila siku kwa simu, kupitia M-Pesa, sawasawa na mafuta ya kichupa. Mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Kosa lilikuwa la wafanyabiashara, lakini kila aliyenunua ya shilingi kumi alilipia.

Kwa hiyo, sasa ninapofundisha, wanafunzi wangu siwaanzishii kwenye mitambo. Nawatuma dukani jioni, wakaone nani ananunua nini, kwa kipimo gani, na ameacha kununua nini ili apate hicho alichonunua. Sera isiyojua hayo humwangukia asiye na mtetezi.