Turkana, hatimaye: lami, upepo na kisiwa cha mamba

Kimya changu cha wiki mbili kina sababu nzuri: nilikuwa Turkana na Baba. Ndiyo, ile safari. Wale mnaonijua mmeisikia ikitajwa tangu 2019. Mwaka 2020 corona ikafunga kila kitu. Februari 2023 tulikuwa karibu kuondoka, serikali ikatangaza kaunti sita kuwa maeneo yenye machafuko na hatari, Turkana na Pokot Magharibi zikiwemo, na Mama akasema hakuna mtu wake atakayepita Kainuk. Ikaishia hapo.

Mwaka huu hatukuwa na nafasi ya kuahirisha. Baba ana presha ya macho. Daktari alimweleza wazi kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa inalinda kilichobaki tu. Anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: kilicho mbele yake kabisa anakiona vizuri, pembeni hakuna kitu. Mzee huyu alifundisha Kalokol kuanzia 1982 hadi 1986, akiwa kijana wa rika langu. Miaka yote hiyo alikitazama Kisiwa cha Kati kutoka ufukweni na hakuwahi kukikanyaga. Mara hakuna pesa, mara hakuna boti, kisha barua ya uhamisho ikafika na akarudi huku Khwisero.

Ukisema hapa kwetu kwamba unaenda Turkana kwa likizo, watu wanakuangalia vibaya. Jirani mmoja aliniuliza nimekosana na nani kazini. Kwa watu wa umri wa Baba, kaskazini ni mahali unapopelekwa, si mahali unapokwenda. Na wana sababu. Tulisimama Kapenguria kwenye jumba la makumbusho, tukaona vyumba vya jela vinavyokumbusha Kenyatta na wenzake watano, waliohukumiwa Aprili 1953. Kutoka hapo alipelekwa Lokitaung, halafu 1959 akahamishiwa Lodwar. Ukifuata njia yetu ya likizo unafuata pia ramani ya vifungo.

Njia yenyewe: Kakamega, Webuye, Kitale, Kapenguria, halafu unateremka Marich na joto linakupokea kama umefunua sufuria. Tulikuwa na Probox ya binamu yangu. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kama kilomita 300, lami nzuri, halafu mashimo, halafu lami tena. Lokichar, ambako mafuta yaligunduliwa 2012, tulikunywa soda ya moto tukaendelea. Kati ya Lodwar na Kalokol kuna mawe ya Namoratunga kando ya barabara, nguzo za mawe meusi zilizosimamishwa na watu wa kale. Wenyeji wanasimulia kwamba walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe.

Sasa Kalokol. Nilitaka sana kuona kile kiwanda cha samaki. Kama umewahi kukaa kwenye mafunzo ya kupanga miradi, huenda umesimuliwa: Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki kando ya Ziwa Turkana mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa gharama inayotajwa mara nyingi kuwa dola milioni 22, kwa wafugaji wasiotaka samaki. Umeme wa kugandisha ukawa ghali kuliko samaki wenyewe, kiwanda kikafanya kazi siku chache tu. Watu wanacheka, mwalimu anasema "mjue mtumiaji wenu", mnaenda chai. Mimi mwenyewe nimekisikia mara mbili, chuoni na kazini.

Baba hakucheka. Tulisimama nje ya lile jengo akaniambia kisa hicho kimekatwa mkia. Ghuba ya Ferguson ilipokuwa na maji, alisema, samaki walikuwa wengi ajabu, na watoto wengi darasani kwake walikuwa wa familia zilizokuja ziwani baada ya njaa ya 1980 kumaliza mifugo yao. Hao walikula samaki, na samaki waliwalipia madaftari. Halafu ziwa likarudi nyuma. Katikati ya miaka ya 1980 ghuba yenyewe ilikauka, akaiona ikikauka mwezi baada ya mwezi, boti zikakaa juu ya mchanga. "Umeme ni kweli ulikuwa ghali," alisema. "Lakini usiseme watu hawakutaka samaki. Uliza nani aliyetaka, na mwaka gani." Mimi naandika programu kwa kujikimu na nimesikia maswali mengi ya wateja. Hilo la mwaka gani sikuwahi kulisikia likiulizwa.

Hata sasa ziwa halijatulia. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na bwawa la Gibe III lilipozinduliwa 2016 wengi waliogopa kwamba litakauka. UNESCO iliziweka mbuga za ziwa hili kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2018. Kisha kuanzia 2020 hivi mvua zikalipandisha. Nilikuwa nimepakua ramani kwenye simu nyumbani (mtandao huko usiutegemee), na tulipoingia kwenye boti ile alama ya buluu ilisema bado tuko nchi kavu. Tulisafiri dakika kadhaa juu ya ardhi, tukipita minyoo iliyozama hadi kifuani. Minyoo ni mikoche, jamani, ile mitende ya matawi pacha; Baba ndiye anayeiita hivyo kwa utani kwa sababu ya mizizi yake.

Nahodha alitungojesha ufukweni asubuhi nzima. Upepo wa Turkana si wa mchezo. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Kijana huyu hakuhitaji kuambiwa hayo. Alimsikia Baba akisalimia "Ejoka", akaanza kumwita Mwalimu, na akasema, "Mwalimu, nikisema tunarudi, tunarudi." Baba akakubali. Jaketi za kuelea zilikuwa tatu, tukazivaa. Boti ya faiba, injini moja.

Kisiwa ni volkeno. Ndani yake kuna maziwa matatu madogo kwenye kasoko, yaani mashimo ya volkeno: la Mamba, la Flamingo na la Ngege. Mamba huja kuzaliana hapo. Kupanda ukingoni ni kifusi kinachoteleza, na asiyeona pembeni hajui mguu unatua wapi. Nilitangulia, akashika mkanda wa mkoba wangu. Tulipumzika mara nne. Sikusema kitu kuhusu kurudi, naye hakusema.

Juu alisimama akaanza kutazama kutoka kulia. Kwa macho yake mandhari kubwa haiingii mara moja, lazima aisogeze kipande kwa kipande, kama mtu anayesoma ukurasa mpana kwenye simu ndogo. Maji, ukingo, maji, ndege. "Ni kijani," alisema. "Miaka yote nilidhani ndani ni buluu."

Kisha mluzi wa nahodha kutoka chini. Mawimbi yalikuwa yameanza kuvaa nyeupe. Nikamwambia twende.

"Bado sijamaliza kushoto."

Mluzi wa pili. Alisimama kidogo, akageuka, akaushika mkanda. Tulirudi tumelowa hadi mifukoni, Baba ameketi katikati ya boti, kofia imebebwa na upepo. Nahodha nilimlipa kwa M-Pesa tulipofika, mtandao uliporudi.

Picha zote za juu pale nilipiga kwa mpangilio, na wiki hii nimeziunganisha ziwe moja ndefu. Nimeandika programu ndogo inayoipitisha kwenye skrini polepole, kulia kwenda kushoto, ndani ya kidirisha chembamba kinacholingana na upana anaouona. Jana usiku aliitazama mara tatu. Anasema inakwenda mbio sana.