Nyumba ya Supu Katika Mtaa wa Saint-Denis

Mgeni afikaye Paris, mji mkuu wa Ufaransa, akipita penye lango kubwa la Porte Saint-Denis, lililojengwa mwaka 1672, huingia katika barabara nyembamba yenye vinyozi, wauza mboga na watu wa mataifa mengi. Mahali kama hapo hatazamii kuona fahari. Lakini katika nyumba namba 16 umo mkahawa uitwao Bouillon Julien, nao ulijengwa mwaka 1906.

Neno “bouillon” maana yake ni supu. Mikahawa ya namna hii ilianza katika karne ya 19, wakati mwuza nyama mmoja, Baptiste-Adolphe Duval, alipoona wanunuzi wenye fedha wakichukua minofu na kuacha vipande vigumu. Ndipo alipovichemsha vile vipande, akawauzia wachukuzi na vibarua wa soko kuu la Les Halles supu na nyama kwa bei ndogo. Biashara ikasitawi, na wengine wakamwiga.

Msomaji asidhani kwamba chakula rahisi kiliandaliwa katika kibanda. Humo Julien mafundi walijitahidi kama kwamba wanajenga jumba la tajiri. Ukutani wamo wanawake wanne waliofanyizwa kwa kioo cha rangi na Louis Trézel, kila mmoja mfano wa majira moja ya mwaka. Maua yamejipinda pande zote, na vioo vikubwa huzidisha kila taa.

Miaka ilipopita, fahari hiyo iliwavuta wenye mifuko mizito, na mkahawa ukawa wa bei ya juu. Mwaka 1997 serikali iliandika jengo hilo miongoni mwa majengo ya kumbukumbu ya taifa. Sheria hiyo, kwa bahati mbaya, hulinda ukuta tu. Bei ya supu hailindi.

Basi mwaka 2018 nyumba ilitengenezwa upya. Kuta zikapakwa rangi ya kijani hafifu, na, jambo kubwa zaidi, bei zikateremshwa na jina la zamani la “bouillon” likarudishwa. Tena mtu wa kipato kidogo aweza kuagiza mayai ya kuchemshwa yenye rojo ya mayonezi, au nyama ya ng’ombe iliyotokoswa polepole, akala akitazamwa na wale wanawake wanne. Meza zimesongamana hata viwiko hugusana; apendaye faragha heri aende kwingine.