Taya Langu Limejifunza Kupumzika

Midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi utulie juu. Maneno hayo ya daktari wa meno ndiyo yaliyookoa kinywa changu, na namwambia kila dereva mwenzangu anayekubali kunisikiliza.

Naendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Kwa muda mrefu niliamka kichwa kikiniuma kwenye panja za uso, taya limekaza, na maji baridi yakigusa meno nasikia yanachoma. Utingo wangu, ninayelala naye kwenye kebini, ndiye aliyeniambia: "Bosi, usiku unasaga meno mpaka nakosa usingizi." Nyumbani wakasema ni minyoo. Nikameza dawa, hali ikabaki ileile. Kisha gego likapasuka nikila wali mtupu.

Daktari alinishika mashavu, akaniambia niume meno. Misuli ikatuna chini ya vidole vyake. Akanieleza kwamba gamba gumu la jino likishasagika halioti tena, na kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa minyoo ndiyo chanzo. Wasiwasi, kahawa nyingi, sigara na pombe ndivyo huchochea. Akauliza pia kama nakoroma na kuamka nimechoka, maana wapo wanaosaga meno huku pumzi zikiwakatika usingizini. Gego akalivisha kofia. Akachukua umbo la meno yangu, fundi akanitengenezea kikinga cha plastiki ngumu ninachovaa kila nikilala. Nakiosha kwa maji ya baridi, kwa kuwa ya moto hukipinda. Hakijanizuia kusaga: kimejaa mikwaruzo, ambayo bila hicho ingekuwa kwenye meno yangu.

Lakini mageuzi makubwa yalikuja mchana. Nilipoanza kujichunguza, niliona kwamba nikishuka mteremko wa Kitonga na mzigo nauma meno tangu kona ya kwanza hadi tambarare. Sasa nimefunga utepe mwekundu kwenye usukani. Jicho likiuangukia, nashusha taya na kutoa pumzi. Kahawa ya usiku nimeiacha, na kwa dereva hilo si jambo dogo.

Asubuhi kichwa hakinigongi tena. Mwanangu mdogo naye anasaga meno, na mama yangu bado anataja minyoo. Nimemjibu: "Mama, watoto wengi huacha wenyewe wanavyokua. Dawa ya minyoo atapewa kwa wakati wake, ila meno nayo tumpeleke yakaangaliwe."