Mji wa Kale wa Mombasa na Tetemeko la Pili

Mgeni aingiaye Mji wa Kale wa Mombasa kutoka upande wa Fort Jesus hushika njia ya Ndia Kuu, na mara huona nyumba zimesogeleana pande zote mbili, roshani zake za mbao zikitazamana juu ya vichwa vya wapitao. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe. Nyumba za kale za mji nazo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ina kiasi chake cha urefu, vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba.

Watu wa mji huu wamezoea kuyahofu yatokayo baharini kuliko yatokayo chini ya ardhi. Lakini tarehe 12 Agosti, 2020, saa mbili na dakika 13 usiku, kisiwa kilitikisika. Tetemeko lenye kipimo cha 6 hivi lilikuwa limetokea chini ya bahari, kusini mashariki ya Dar es Salaam, nalo lilisikika Unguja, Mombasa, na hata Nairobi. Wakati huo Kenya ilikuwa na amri ya kutotoka nje kuanzia saa tatu usiku kwa ajili ya maradhi ya korona. Basi aliyekimbilia nje hakuwa na hata saa nzima ya kuamua: je, arudi ndani, au angoje? Kwa bahati njema kisiwa kilisalimika usiku ule. Hata hivyo swali lenyewe ni la maana, kwani litarudi siku nyingine.

Hadithi ya zamani, iliyosimuliwa katika nchi nyingi, yasema kwamba dunia imebebwa juu ya pembe la ng'ombe, naye akichoka huihamishia pembe la pili. Mwenye kuishika hadithi hiyo angedhani kwamba ng'ombe akisha kubadili pembe, mambo yamekwisha. Kumbe sivyo.

Miamba iliyo chini ya ardhi husukumana kwa miaka mingi, mpaka siku moja ikateleza ghafula kwenye ufa wake. Lakini ufa hautelezi sawasawa. Mahali pengine miamba husogea sana, pengine kidogo, na pengine hukwama kabisa. Mfano wake ni dari ya nyumba ya Mji wa Kale. Boriti moja ikivunjika, uzito iliokuwa ikiuchukua hautoweki, bali huziangukia boriti za jirani. Hizo nazo hulia, na moja moja, leo au kesho, huenda zikakatika. Vivyo hivyo mzigo wa miamba iliyoteleza huhamia penye ncha za ufa na kwenye nyufa za karibu, nazo huachia kila moja kwa wakati wake. Hayo ndiyo matetemeko yafuatayo.

Kenya imekwisha kuyaona. Tarehe 6 Januari, 1928, tetemeko lenye kipimo cha 6.9 lilipasua ardhi huko Subukia, katika Bonde la Ufa, na siku chache baadaye likafuata jingine la nguvu. Na baada ya tetemeko kuu la Sumatra la tarehe 26 Desemba, 2004, ambalo mawimbi yake yalifika mpaka pwani ya Kenya, kipande cha jirani cha ufa ule kiliachia tarehe 28 Machi, 2005, kwa kipimo cha 8.6.

Mtaalamu wa Japani, Fusakichi Omori, alionyesha mwaka 1894 kwamba matetemeko haya hupungua kwa utaratibu. Kama siku ya kwanza yametokea mia, siku ya kumi huenda yakawa kumi hivi. Kwa kawaida lililo kubwa miongoni mwao hupungukiwa na lile la kwanza kwa kipimo kimoja na zaidi kidogo. Lakini kinachopungua ni idadi yake; lenye nguvu laweza kutokea hata baada ya siku kadhaa za utulivu. Tena tetemeko la pili, hata likiwa dogo, hukuta ukuta umekwisha kupata ufa na chokaa imekwisha kulegea.

Kwa hiyo mwenye kukaa Mji wa Kale hana budi kujua mambo mawili. La kwanza, kichochoro si mahali pa kungojea, kwani kuta na roshani ziko juu ya kichwa. Uwanja ulio mbele ya Fort Jesus ni bora zaidi. Lakini mtikisiko ukiwa wa nguvu na wa muda mrefu, asishuke bandarini kutazama maji, bali apande mbali na ufuko. La pili, asirudi ndani kulala kabla nyumba haijakaguliwa na fundi ajuaye kazi ya mawe na chokaa, hasa pale ncha za boriti ziingiapo ukutani, maana hapo ndipo unyevu huozesha mti bila kuonekana.

Nyumba iliyosimama baada ya tetemeko la kwanza imefaulu mtihani mmoja tu. Wenyewe na waingoje kidogo, waitazame vema, ndipo waingie.