Aliyekula Dizeli

Nawaandikia kutoka Githurai 45, mahali ambapo chombo pekee kipitacho mlangoni pangu ni matatu, na bahari naiona kwa simu.

Mashua ya marehemu baba iko Lamu, mikononi mwa mdogo wangu. Fedha za dizeli hutoka kwangu, katika mahamri ninayouza alfajiri karibu na reli. Mwaka jana, baada ya kusi kumzuia na mashua kulala nangani majuma mengi, alianza kuomba dizeli zaidi kwa safari zile zile. Mara ya tatu nilimtamkia neno ambalo dada hapaswi kumtamkia nduguye. Hakujibu. Alikata simu.

Bamvua lilipofika aliipandisha mashua mchangani, maji yakapwa, akanitumia picha ya rafadha. Mapanga yake hayakuonekana shaba kwa kujaa vijikombe vyeupe vigumu, mfano wa chaza wachanga, vyenye kukata kidole. Rafadha huhitaji uso laini ili isukume maji vyema; ikiota ukoko, injini hunguruma, moshi hutanda, na chombo hakiendi. Dizeli yangu ilikuwa imeliwa kweli, ila si na yeye.

Nilimwuliza mbona baba hakupata taabu hii. Baba alipaka deheni, yaani shahamu na chokaa, lakini hiyo ni dawa ya mbao, naye alisafiri kwa tanga. Rangi yenye shaba ipakwayo chini ya mashua nayo haidumu kwenye rafadha, kwani mzunguko huibandua. Lililonishangaza ni kwamba shaba yenyewe huwafukuza viumbe hao, kwa sababu hutoa sumu kidogo kidogo majini. Lakini mafundi hufunga kipande cha zinki kwenye shafti, kiliwe na maji ya chumvi badala ya rafadha. Shaba ikishalindwa hivyo, sumu yake hupungua, na wageni hukaribia. (Ukiiondoa zinki, rafadha italika. Basi huiondoi.)

Ipo rangi ya silikoni, laini mno, isiyoua kitu. Viumbe hushindwa kuishika wakateleza chombo kikienda. Bei yake ilitushinda. Wengine hupasha moto lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo, wakaipaka juu ya shaba iliyosuguliwa ikang'aa. Jina hilo nililijua! Ndiyo dawa niliyopaka nilipopata michubuko ya kunyonyesha kitinda mimba wangu. Nikanunua tyubu nne katika duka la dawa hapa Githurai, nikazituma kwa basi. Nilipomweleza kazi yake ya asili, alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Miezi miwili baadaye aliipandisha tena mashua. Vijikombe vichache vilikuwa vimeota, akavitoa kwa kijiti tu. Nikamwomba radhi hapo hapo.

"Dada, yamekwisha," akasema. "Na mafuta ya kondoo nayo yamekwisha."