Sekunde Tano

Kaseti ilikuwa ya baba. Alimrekodia mama barua ya sauti mwaka 2001 akifanya kazi Mombasa, wakati simu ya mkononi ilikuwa ya wenye pesa. Alifariki mimi nikiwa na miaka mitano. Sauti yake siikumbuki.

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu (hiyo ni stori ya siku nyingine, na ya karo) nilirudi nyumbani nikaipata kwa sanduku la mama. Redio pia ilikuwepo, lakini haikuzungusha kitu. Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja karibu na Luthuli Avenue.

Belti ya ndani ilikuwa imeyeyuka, inanata vidoleni kama lami. Akaweka mpya. Halafu akachukua kaseti ya baba na, kwa ncha ya bisibisi, akavunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni, ili hata nikibonyeza kitufe cha kurekodi kimakosa isifutike. Akanirudishia, akachomeka kaseti yake chakavu ya mahubiri.

"Redio ikitoka kuugua, haionjeshwi kitu unapenda," akasema. "Wacha hii icheze pande zote mbili kwanza."

Alikuwa haisikilizi. Alikuwa anatazama gurudumu la kulia. Akanieleza: anayevuta utepe si gurudumu, ni kijiti cha chuma kinachozunguka na rola ya mpira inayoubana hapo. Gurudumu linakusanya tu. Likilegea, rola haijui. Inaendelea kutema utepe ndani ya mashine hadi unajikunja na kujizungushia humo. Na sauti inatoka sawa tu muda wote huo. Ndiyo maana masikio hayasaidii.

Nilielewa kabisa. Ningeweza kukueleza wewe hivyo hivyo. Kisha akaenda kununua chai, na mimi nikatoa mahubiri nikaweka baba.

Alikohoa. Akamwita mama kwa jina ambalo sijawahi kusikia mtu yeyote akimwita. Akauliza kama mvua imenyesha, akalalamika kuhusu joto la Mombasa, na mimi nilikuwa nimefunga macho, mjinga mimi, nimefunga macho. Kisha sauti ikawa nzito, ikavutika, ikanyamaza.

Fundi hakunigombeza. Alichomoa utepe polepole na kibano, akakata palipochanika, akaunga kwa kipande chembamba cha selotepu. Kilichobaki mezani kilikuwa kama sentimita 24. Kaseti hutembea karibu sentimita 4.76 kwa sekunde. Nilipiga hesabu kwenye matatu: sekunde tano.

Sasa baba anasema, "Na huyo kijana, ukiona amekua, mwambie," halafu kuna mkwaruzo kidogo, halafu anauliza bei ya mahindi.

Nimemuuliza mama alisema nini hapo. Amefikiria sana, mikono ikiwa kwa unga.

"Ai, si ulisema hiyo redio imetengenezwa?"